Chokaa na Mbayuwayu

Tarehe ishirini chokaa ilinikaukia kwenye kucha.
Nilipaka mawe ya njia, kutoka getini hadi barazani,
nikapaka mashina ya mibuni, usawa wa goti,
nikapaka na ndoo yenyewe kwa nje,
kwa kuwa ilibaki kidogo
na mama hapendi kitu kimwagwe.

Migomba miwili iliyokwisha kuzaa
niliikata kihambani, nikaisimika huku na huku ya geti.
Majani yakawa yanapiga makofi kwa upepo wa mlimani,
yanashangilia watu ambao bado wako Chalinze kwenye foleni.

Taa nilinunua Kiboroloni: mita kumi, rangi nne.
Muuzaji aliapa kwa marehemu bibi yake kwamba haziungui.
Nyekundu zilikufa siku hiyohiyo.
Zilizobaki nikazitundika toka pembe ya paa hadi kwenye mparachichi,
na sijashuka hata ngazi,
mbayuwayu wanane wakatua juu ya waya,
wakajipanga kati ya taa na taa
kana kwamba niliwanunua pamoja nazo.

Hao hawana habari na Noeli.
Wametoka huko ambako mito sasa imeganda,
wamevuka bahari, wakavuka jangwa,
mwili mzima uzito wa barua.
Hakuna aliyewapigia simu usiku kuwauliza
mmefika wapi, mmekula nini Korogwe.

Sisi tunahama kwa kelele.
Mabasi, magari ya kuazima, mchele wa Kyela juu ya keria,
televisheni imeviringishwa blanketi kama mtoto mwenye homa.
Kila Desemba mlima unavuta,
na ukimuuliza mtu kamba imefungwa wapi mwilini mwake
anacheka, anaongeza mwendo.
Na kule tambarare, ng'ambo ya Ngorongoro,
nyumbu nao wanashuka kusini wakinusa mvua,
maelfu kwa maelfu, hawana mchungaji,
wanazifuata nyasi ambazo bado hazijaota.

Kandida, binti wa kaka yangu Proches,
aliyefika usiku akiwa amelala begani kwa baba yake,
alisimama chini ya ngazi.
"Shangazi, hawa ndege kwao ni wapi?"
Nikamwambia Ulaya. Ndiko wanakojenga viota.
"Kwa hiyo hapa ni wageni."
Akafikiri. Akakwangua chokaa kwenye jiwe kwa kidole.
"Na mimi? Mimi nimezaliwa Tabata."

Nilikuwa na msumari mdomoni.
Niliushukuru ule msumari.

Ndipo mama alipotoka jikoni, mikono ina unga,
akashika ncha ya waya.
"Vuta. Ufike kwa baba yenu."
Tukavuta, mbayuwayu wakaruka,
tukapita mparachichi, tukapita banda la ng'ombe,
waya ukakata tamaa hatua sita kabla ya kaburi.
Mama hakusema neno. Alirudi kwenye unga wake.

Kandida akachukua ndoo na brashi.
Akaokota mawe popote alipoyaona,
mengine vipande vya tofali, moja kifuu cha nazi
(nazi ya Dar, imesafiri naye),
akayapaka, akayapanga upogoupogo
kutoka pale taa zilipoishia hadi kwa babu yake ambaye hakumkuta.
Kwenye msalaba akafunga jani la sale
kwa fundo la kamba za viatu, fundo pekee analolijua.

Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Umbwe yote ikazima kwa pumzi moja,
tukasikia majirani wakiguna mpaka ng'ambo ya mto.
Taa zangu, mita kumi, zikawa kamba tu.
Lakini chokaa ilionekana.
Tulikaa barazani, tukaifuata kwa macho, jiwe baada ya jiwe,
hadi kile kifuu,
hadi kwa baba.

Asubuhi niliwahesabu mbayuwayu kwenye waya.
Tisa.
Huyo wa tisa sikumuuliza kitu.